Njia ya waenda kwa miguu kwenye mtaa mpya: panga vimo kabla ya kuuza kiwanja

Kwenye mradi mpya wa nyumba, kinachoua njia ya miguu ni mageti. Kila mwenye kiwanja huweka geti kwa kimo anachotaka, kisha humwaga zege la kupandishia gari juu ya njia. Nyumba zikifika kumi, anayesukuma kigari cha mtoto na anayetumia kiti cha magurudumu wote wako barabarani wakipishana na bodaboda. Ndiyo maana vimo huamuliwa kwanza, na huandikwa kwenye mkataba wa mauzo.

Tenga mita 2.4 kila upande wa barabara: mita 1.8 za kutembea, na ukanda wa sentimita 60 kati ya njia na barabara kwa ajili ya nguzo, miti na vibao. Mita 1.8 zinatosha viti viwili vya magurudumu kupishana. Ukibanwa, 1.5 inavumilika, chini ya 1.2 unajidanganya. Nafasi hiyo ionekane kwenye ramani ya mipango miji ikiwa sehemu ya hifadhi ya barabara. Kwa Tanzania, barabara zako zikiungana na za mitaa, michoro ya maungio iwafikie TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) mapema.

Hesabu ya kimo ni hii. Kabistoni (jiwe la zege linalotenganisha barabara na ukanda) inyanyuke milimita 100 juu ya ukingo wa barabara. Toka hapo, panda asilimia 2 kuelekea kwenye viwanja ili maji yarudi barabarani: milimita 12 kwenye ukanda, 36 kwenye njia. Kwa hiyo kizingiti cha geti kiwe takriban sentimita 15 juu ya ukingo wa barabara. Mpe mnunuzi namba hiyo. Mbele ya geti, shusha kabistoni hadi milimita 25 na mteremko wa gari uishie ndani ya zile sentimita 60. Njia yenyewe isiguswe. Kwenye kona za kuvukia, mteremko uwe 1:12, yaani mita 1.2 za urefu kwa kila milimita 100 za kimo, na ncha yake isizidi milimita 6 juu ya lami.

Mabomba ya maji na nyaya vitangulie. Laza bomba tupu la milimita 110, la kupitishia nyaya za baadaye, chini ya njia mbele ya kila kiwanja, la sivyo pevingi (vitofali vya njia) zitafumuliwa mwaka huohuo na kurudishwa hovyo.

Chimba sentimita 19 chini ya kimo cha mwisho: 10 za moramu (changarawe nyekundu ya kushindilia), 3 za mchanga, 6 za kitofali. Mbele ya mageti tumia vitofali vya milimita 80 na moramu ya sentimita 20, na vitofali vifungane kwa pembe kama herufi L; mistari iliyonyooka husukumwa na matairi. Penye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, ongeza kina cha sentimita 30 na ujaze kifusi kizuri. Moramu ishindiliwe na kompakta ikiwa na unyevu, kwa tabaka zisizozidi sentimita 10.

Hapa ndipo mafundi huteleza: moramu ikiwa na mabonde, huyasawazisha kwa mchanga. Siku ya kukabidhi njia inapendeza; masika yakipita, kila bonde linarudi juu kama lilivyokuwa chini. Mchanga uwe wa mto, wenye chenga, unene uleule kote. Kingo za pande zote mbili zishikwe kwa zege kabla ya kupanga, maana ukingo ukifunguka viungio vinaachana na mchanga unatoka. Ukimaliza, fagia mchanga laini mkavu kwenye viungio, shindilia, fagia tena.

Kwa mita 100 za njia (mita za mraba 180) agiza vitofali 9,450 vya milimita 200 kwa 100, vikiwemo vya kukata na kuvunjika. Moramu mita za ujazo 23 kabla ya kushindiliwa, na mchanga kama 7. Ukanda, mageti na kingo huhesabiwa peke yake.

Penye mtaro wenye mifuniko, matundu yasizidi milimita 13, na nafasi ndefu kati ya vyuma vya mfuniko zikate mwelekeo wa kutembea, zisiufuate: gurudumu dogo la mbele la kiti hunasa humo.

Kabla ya malipo ya mwisho, laza rula ya mita 3 kila hatua kadhaa. Uwazi chini yake ukizidi milimita 10, hapo pafumuliwe. Kisha mwaga ndoo ya maji mbele ya kila geti. Yakielekea ndani ya kiwanja, fundi bado ana kazi.