Somo: kampuni ya mikopo hapa Kenya imeanza kukua, komplayansi (yaani kufuata sheria na kanuni) unaanzia wapi?

Wadau, wengi mkinitafuta mnakuja na faili nene la sera mmekopi kwa mtu, kuna moja niliona hadi jina la kampuni ile ingine bado liko ukurasa wa nne, sitanii.

Hatua ya 1. Weka makaratasi kando kwanza. Chukua mteja mmoja, tuseme mama wa mitumba Gikomba amekopa elfu kumi, fuata huo mkopo toka apu ilipomwomba ruhusa hadi siku anamaliza kulipa, na kila mahali andika nani ameona namba yake, nani ameongeza riba, nani atampigia akichelewa. Sera zako zitoke hapo.

2. Laiseni. Kanuni za 2022 ziliweka wakopeshaji wa mtandaoni chini ya CBK (Benki Kuu), halafu sheria ilirekebishwa mwisho wa 2024 ikagusa na wengine wasiochukua amana, kwa hivyo wewe wa lojibuku, unayekopesha kwa dhamana ya gari, usijifanye hayakuhusu. Sacco zina msimamizi wao, SASRA, hiyo ni somo lingine.

3. Jisajili kwa Kamishna wa Data. Data ikivuja una saa 72 kumjulisha.

4. Kudai deni, na hapa ndo watu huchomeka. Kupigia shemeji ya mteja, matusi, vitisho, kuanika mtu mtandaoni, yote imekatazwa, na ukipea wakala hiyo kazi bado ni wewe. Sa shida ni komisheni, ukilipa vijana kwa kile wamekusanya tu, tarehe 28 hakuna mtu anakumbuka sera yako. Mimi huomba rekodi za simu za wiki ya mwisho wa mwezi, naskiza ishirini hivi, zinaniambia mengi kuliko faili lote.

5. FRC, yaani kituo cha serikali kinachopokea ripoti za pesa chafu. Jisajili, teua afisa wa kuripoti, pesa taslimu ya dola 15,000 kwenda juu inaripotiwa hata kama huna shaka nayo. Toka Kenya iwekwe orodha ya kijivu ya FATF (shirika la kimataifa linalopambana na pesa chafu, na orodha hiyo ni ya nchi zinazochunguzwa kwa karibu) Februari 2024 hapa hakuna mchezo.

MASWALI

Mkuu, tuko watu sita, lazima tuajiri mtu wa komplayansi?
– Afisa wa kuripoti kwa FRC lazima awepo na ajulikane. Anaeza kuwa na kazi ingine, ila asiwe yule wa kudai madeni jamani.

Mteja wangu amekwama na 800, nimpeleke CRB (wale wanaoweka rekodi za wakopaji)?
– Hapana, deni lisilozidi elfu moja haliendi. Likizidi, mpe notisi ya siku 30 kwanza.

Riba ya kuchelewa naendelea kuhesabu mpaka lini?
– Ikifika sawa na mtaji, yaani pesa ya mkopo yenyewe bila riba, uliokuwa umebaki mkopo ulipoacha kulipwa, simama. Mwambie na developa, maana mfumo wenyewe hausimami.

Na fonibuku za wateja (namba zote zilizo kwa simu zao) tulichukua zamani, tukae nazo tu?
– Futa, uandike nani amefuta na lini. Na ile kopi iko kwa Excel ya yule kijana aliacha kazi mwaka jana, itafute pia.