Daftari la Mauzo na Kodi ya Makadirio: Mwongozo kwa Wafanyabiashara Wadogo wa Kigoma

Anayenunua dagaa katika mwalo wa Kibirizi na kuwauza mjini Kigoma anajua kwamba mauzo yake hayalingani mwezi mzima, kwa sababu wavuvi hutumia taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali mzigo hupungua au hukosekana kabisa. Kodi, hata hivyo, hukadiriwa kwa mwaka mzima, na asiye na kumbukumbu hana namna ya kuonyesha siku ambazo hakuuza kitu. Ndiyo maana mwongozo huu unasisitiza daftari.

Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 huingia katika utaratibu wa kodi ya makadirio unaosimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Kwanza apate TIN, yaani namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bila malipo kwa kutumia namba ya NIDA. Leseni ya biashara ni jambo jingine, nayo hutolewa na halmashauri.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea: kodi hii hupigiwa hesabu kwenye mauzo ghafi, si kwenye faida. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 halipi kitu. Kati ya milioni 4 na 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa shilingi 100,000, ilhali anayezitunza hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, wa kwanza hulipa 250,000, na wa pili hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Chukua mama anayeuza mawese mwenye mauzo ya milioni 9 kwa mwaka: akiwa na daftari atalipa 150,000, akiwa hana atalipa 250,000. Shilingi 100,000 hizo zingemnunulia madumu ya mzigo, na naona uchungu kila ninapomwona mtu akizitoa kwa kukosa daftari tu. Kwa kuwa Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na viwango vinaweza kubadilika, ulizia ofisini kabla ya kukadiriwa.

Daftari lenyewe halihitaji mhasibu. Chora safu za tarehe, bidhaa, idadi, bei, fedha iliyopokelewa, deni, manunuzi, matumizi ya biashara na matumizi ya nyumbani, kisha ujaze kila jioni kabla ya kufunga, maana mauzo ya juzi hayakumbukiki vizuri. Tuseme umeuza madumu 5 ya mawese kwa 70,000 kila moja, na mteja mmoja amechukua dumu lake kwa mkopo: andika mauzo 350,000, fedha taslimu 280,000, deni 70,000, na jina la mdaiwa. Ukichukua fedha ya unga wa nyumbani, iandike katika safu yake, usiifiche ndani ya gharama za biashara. Siku isiyo na mauzo nayo iandikwe, pamoja na sababu yake: mbalamwezi, upepo, ugonjwa. Ni vema pia kuwa na laini ya simu au Lipa Namba ya biashara peke yake, ili fedha zinazotumwa na ndugu zisichanganyike na mauzo. Risiti za manunuzi na za ushuru zibandikwe au zitunzwe kwenye bahasha ya mwezi husika, na vyote vihifadhiwe kwa miaka isiyopungua 5. Mauzo yakizidi milioni 11, utatakiwa pia kutoa risiti za EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti.

Mwaka wa kodi huanza Januari na kuishia Desemba. Peleka makadirio yako kabla ya tarehe 31 Machi, kisha ulipe kwa awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kwa mama wa mawese, kila awamu ni 37,500. Malipo hufanyika benki au kwa simu kwa kutumia namba ya kumbukumbu inayotolewa na TRA. Usimkabidhi mtu fedha mkononi, na utunze uthibitisho wa kila awamu. Kuchelewa huleta riba na adhabu.

Biashara ikishuka katikati ya mwaka, sheria inaruhusu kurekebisha makadirio. Mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na muuza dagaa aliyekadiriwa mwezi Machi kwa mauzo ya mwaka mzima alikuwa na kila sababu ya kuomba marekebisho. Ikitokea hivyo, usisubiri Desemba: jumlisha mauzo ya miezi iliyopita, linganisha na makadirio ya awali, kisha upeleke daftari pamoja na ombi la maandishi kabla ya tarehe ya awamu inayofuata, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.