Kabla hujanunua hisa za prosesa, andika nani hulipwa

Nimetengeneza kompyuta za watu miaka kumi na mitano. Siku hizi vijana walioanza kununua hisa za Marekani huniuliza: kati ya x86 (lugha ya amri ya prosesa za kampuni za Intel na AMD) na Arm (lugha pinzani, ya kampuni ya jina hilohilo), nani atashinda? Huwaomba waliweke kando kwanza swali hilo. Hununui usanifu, yaani lugha hiyo ya prosesa; unanunua kipande cha kampuni.

Chukua karatasi. Andika kompyuta moja unayoijua, kisha orodhesha kila anayepata pesa inapouzwa. Mfano wangu ni MacBook ya M1 ya mwishoni mwa 2020: lugha ya prosesa ni ya Arm, inayoishi hasa kwa leseni na mrabaha; aliyeichora ni Apple; aliyeichonga ni TSMC ya Taiwan. Sasa andika laptopu ya AMD Ryzen ya miaka hiyo. Hiyo ni x86, mpinzani kabisa, lakini utamkuta TSMC tena. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mtu akishakiona hicho kwa mkono wake mwenyewe, hasahau.

Kisha tazama programu, na hapa usiwe na haraka. Mwenye duka akiniletea mashine iliyokufa, hanidai prosesa mpya. Anadai programu yake ya hesabu ya zamani ifunguke. Itanium, prosesa ya Intel ya 2001 yenye lugha tofauti na x86, iliumia hapohapo: programu za x86 ziliendeshwa humo kwa kusuasua. AMD mwaka 2003 ikatoa x86 ya biti 64 iliyoendesha za zamani na mpya, na mwaka uliofuata Intel yenyewe ikaifuata njia hiyo. Kwa hiyo uliza mteja atalazimika kuandika upya nini akihama. Kwenye seva zinazotumia mfumo endeshi wa Linux ni kidogo, ndiyo maana Amazon iliweza kuleta prosesa yake ya Arm, Graviton, mwaka 2018.

Soma ripoti ya mwaka, sehemu ya hatari hasa. Usinunue kwa ajili ya gawio tu, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa: Intel ilitangaza Agosti 2024 kulisimamisha, ingawa x86 ilikuwa bado imejaa maofisini.

RISC-V, lugha nyingine ya prosesa iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 2010, haitozi mrabaha, wala haina hisa za kununua. Iandike pembeni mwa karatasi, mkabala na jina la Arm, na uiangalie kila ripoti mpya inapotoka.