Mashua imekaa nchi kavu msimu mzima wa kaskazi, mbao zimeachana: ufanyeje?

Kijana mmoja aliniita majuzi, nyundo mkononi na pamba tele, tayari kuziba kila mwanya kwenye mashua ya babu yake. Nilimwambia aweke nyundo chini kwanza. Utaratibu tuliofuata ni huu.

1. Safisha. Toa pamba iliyooza, badilisha misumari iliyoliwa na kutu.

2. Loweka kabla ya kuziba. Ubao husinyaa kwa upana. Urefu haubadiliki kiasi cha kukusumbua. Tazama kichwa cha ubao: pete za mti zikiwa zimelala sambamba na uso wake, utasinyaa karibu mara mbili ya ule ambao pete zimesimama. Ubao wa sentimita 20 wenye pete zilizolala unaweza kupungua milimita 4 hivi, na ukinywa maji unazirudisha. Ukishindilia pamba mbao zikiwa kavu, zikivimba hazina pa kwenda. Zitasukumana, zing'oe misumari, na taruma (ubavu wa chombo) dhaifu litapasuka.

Basi tandaza magunia juu ya mbao, ndani na nje, uyamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni. Au subiri bamvua (maji makuu), weka chombo pale maji yanapofika, uchomoe kizibo ili yaingie na kutoka yenyewe. Chombo ukifunge kamba vizuri! Maji ya mvua yasituame ndani, yanaozesha. Siku za mwanzo kitavuja kama tenga. Usitishike, na usiguse pamba. Weka alama ya chaki kwenye mianya mikubwa, ujaribu kila siku kwa ncha ya kisu. Mwanya unaozidi kubana, uache uendelee. Uliogoma kwa siku kadhaa mfululizo ndio wa kutia kalafati (pamba ya kuzibia). Ila ufa unaopita katikati ya ubao au kwenye tundu la msumari si mwanya wa kusinyaa. Hautajifunga, na dawa yake ni ubao mpya.

3. Tia kalafati. Uzi wa pamba uliochovywa mafuta ya nazi au sifa (mafuta) ya papa, patasi butu, nyundo nyepesi. Pamba ikae imara, isishindiliwe. Gundi ngumu za dukani sizitaki katikati ya mbao: mti unacheza, gundi haichezi, mwisho inabanduka na kazi ya kuikwangua ni yako.

4. Ukilazimika kuweka ubao mpya, usinunue uliokaushwa mno kwa ajili ya fanicha. Majini utavimba kupita kiasi. Chukua mbichi kidogo, paka rangi vichwa vyake (maji hutoroka haraka zaidi huko, ndiyo maana vichwa hupasuka), upange kivulini juu ya vijiti. Upime ubao wenyewe kwenye mizani kila wiki. Uzito ukikoma kushuka, ubao umezoea hewa ya pwani.

5. Paka deheni (mchanganyiko wa mafuta na chokaa) chini ya chombo. Kaskazi ijayo, ukipandisha chombo, kiezekee kibanda cha makuti.