Kuti la njano lisikuharakishe kushika panga

Bagamoyo, kwenye nyumba za wageni za ufukweni na hata majumbani mwetu, palmu zenye majani ya upepeo hufyekwa makuti mara kwa mara ili bustani ionekane safi. Kuti likianza tu kuwa njano, linaangushwa. Tabia hii inaidhoofisha miti mizuri, na naomba sana tuiache.

Udongo wa pwani ni mchanga, na mvua ya masika huosha potasiamu, madini ambayo mti huyahitaji. Palmu ikiikosa, huinyonya kutoka makuti ya zamani na kuyalisha machanga. Ndiyo maana makuti ya chini hutoka vidoa vya njano au rangi ya chungwa, kisha hukauka kuanzia nchani. Ukiyakata umeunyang'anya mti akiba yake, nao utageukia makuti ya juu yake. Ukiendelea hivyo, shina hukonda kileleni na mti unaweza kufa. Kata kuti lililokauka lote, basi.

Weka samadi iliyoiva pamoja na salfeti ya potasiamu, uitawanye eneo lote lililo chini ya makuti, usiirundike shinani. Mbolea ya yurea peke yake huzidisha tatizo, kwa sababu mti hukimbilia kuota huku potasiamu ikipungua. Majivu ya kuni yanasaidia kwenye mchanga mtupu, lakini penye mawe ya matumbawe yatumie kidogo sana: chokaa ya hapo tayari inaunyima mti chuma na manganizi, na dalili yake huonekana kwenye majani machanga. Kuti lenye vidoa halirudi kijani. Subiri mapya, hata mwaka na zaidi.

Ukitaka palmu ya upepeo ya kupanda chunguni, livistona ya China ni chaguo jema. Likuala nayo inapenda kivuli cha baraza, ila upepo wa bahari huichana. Bismarkia ya Madagaska, pamoja na mikoche na mivumo yetu, haipendi kuguswa mizizi. Mbegu ya mvumo huteremsha kwanza mrija mrefu ardhini kabla jani halijachomoza, kwa hiyo ipande pale pale utakapokaa mti.

Chungu kiwe na matundu. Changanya udongo, mchanga wa mto na mboji. Ukiongeza vumbi la makumbi yaliyolowekwa baharini, lisuuze kwanza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na ukoko mweupe juu ya udongo ndio ushahidi. Kinga maji ya mvua, umwagilie mpaka yatiririke chini.

Bustanini panda masika yanapoanza, na usizamishe shina. Mizizi ya juu iwe usawa wa ardhi, maana palmu iliyofukiwa hudumaa polepole na mwenyewe hajui kwa nini.

Ukiona majani mapya yamekatwa kama kwa mkasi, kagua kileleni: huenda ni chonga, yaani mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi na palmu. Mtoe kwa waya wenye ndoano bila kujeruhi moyo wa mti, kwani palmu ya shina moja ina moyo mmoja tu na ukifa hauoti mwingine. Halafu tafuta anakozaliwa. Magogo ya minazi yanayooza na marundo ya samadi karibu na bustani ndiyo makazi yake. Yachome magogo, na samadi uipindue mara kwa mara, ukiokota viwavi vyake vyeupe vinene na kuwapa kuku.