Kukata tawi nene la mkorosho kwa msumeno wa mnyororo

Kwa mikorosho ya Newala au Nachingwea, upanga (bamba linalobeba mnyororo) wa sentimita 35 hadi 40 unatosha. Mrefu zaidi unachosha mikono, na ncha yake hugusa matawi usiyoyaona. Sehemu ya juu ya ncha ikigusa mti, msumeno unarukia usoni. Kofia ngumu, miwani, buti na suruali ya kuzuia mnyororo vaa hata kwa tawi moja. Ngazi usipande na msumeno. Usiinue juu ya bega.

Kabla ya kuwasha, tazama juu: maji moto, wale sisimizi wakali wa mtini, wakikushukia shingoni, utaachia mkono.

Tawi likikatwa moja kwa moja kutoka juu, huchanika na kushuka na gome la shina. Kwa hiyo anza chini, sentimita 30 kutoka shinani, ingia robo ya unene. Ukizidisha, upanga unabanwa. Kisha kata juu, sentimita 5 nje zaidi, hadi lianguke. Kisiki kilichobaki kimalizie nje kidogo ya uvimbe wa shingo ya tawi (pale linapoungana na shina), usiukate.

Injini ya mipigo miwili: lita 1 ya petroli, mililita 20 za oili yake.