Jiko la Kijapani na Kiskandinavia kwenye nyumba ya Lamu, hatua kwa hatua

Hii staili inaitwa Japandi. Wajapani wanapenda nafasi ibaki tupu na mbao ionekane ilivyo hata kama ina kovu, Waskandinavia, watu wa kaskazini mwa Ulaya, nao mchana wa Desemba pale Stockholm, Sweden, ni kama masaa 6 tu ndo maana wakapenda kuta nyeupe na mbao nyepesi. Sisi jua tunalo ila nyumba za mawe kuta nene, vichochoro vyembamba, jiko la chini saa sita mchana unawasha taa, kwa hivo hilo la mwanga latuhusu kabisa.

1. Toa vyombo vyote. Bakisha unavyopikia kila siku, masufuria ya harusi yaende stoo.

2. Ukuta piga chokaa, sio rangi ya mafuta. Ukuta wa matumbawe unapumua, unyevu na chumvi vikikosa njia vinabandua rangi vipande vipande. Kama una zidaka (vishubaka vya ukutani) basi shelfu unazo tayari, weka bakuli mbili tatu uache, mkono usikuwashe kujaza.

3. Kabati za chini tu, milango bila vishikio, fundi achonge mtaro kwenye ukingo wa juu wa mlango vidole viingie. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi) karibu na sinki sahau, inavimba kama mandazi. Mvule ipake mafuta, vanishi ya kung'aa hapana. Bawaba tafuta stenlesi daraja la 316, inayohimili chumvi, za rahisi kwa upepo huu wa bahari zinatoa kutu na kuchora mbao michirizi ya kahawia.

4. Kimo cha kaunta. Wajapani wana hesabu yao, urefu wa mpishi gawa kwa 2 ongeza sentimita 5, wa 160 anapata 85. Apimwe anayepika jamani sio anayemlipa fundi.

MASWALI

– Fundi, mbuzi ya nazi na kinu vitaingia droo gani?
– Hakuna droo dada yangu, acha uwazi chini ya kaunta vikae hapo vionekane, ni mbao tupu vinapendeza.

– Mvule bei, naeza tumia mwembe?
– Waeza, ila ukauke vizuri na utiwe dawa, wadudu wanaupenda sana.

– Na manjano ikirukia hiyo chokaa?
– Haitoki ng'o. Nyuma ya meko weka taili, nyeupe isiyong'aa.